Bahari Isiyokupwa

Niliingia mbio, kama ninavyoingia Jambiani kwetu Unguja, mpaka maji yakanifika kiunoni. Halafu nikapiga ukelele uliogeuza vichwa vya ufukwe mzima.

Maji yalikuwa barafu.

Juu jua la Julai linachoma, mbinguni hakuna hata wingu la kusingiziwa. Kibao cha duka la dawa tulilopita njiani kilikuwa kinawaka namba 31. Na mimi niko ndani ya maji meno yanagongana, nashindwa kwenda mbele, naona haya kurudi nyuma. Ndipo nilipohesabu. Nje kwenye mchanga walikuwa watu kama mia tatu. Ndani ya maji kumi, na kati ya hao wanne walikuwa watoto wanaobishana nani atatoka mwanzo.

Hesabu hiyo ningeifanya kabla ya kuvua viatu.

Shangazi alikuwa amekaa juu kwenye ukuta wa ufukwe wa Catalans, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa, mtandio kaufunga mpaka chini ya kidevu, chupa ya chai ubavuni. Hakuinuka wala hakuniita. Alingoja nitoke, nijifute, nijifunge kanga, kisha akanimiminia kikombe.

"Mwanangu," akasema, "wewe umechagua picha. Upepo hukuuuliza."

Nimerudi Unguja wiki ya sita sasa. Maneno hayo bado yananila.

Fukwe saba

Mimi ni mtu wa orodha, wanaonisoma hapa wanajua. Kabla ya safari nilikesha siku tatu na simu, nikatoka na fukwe saba za Marseille na pembezoni mwake. Catalans kwa sababu iko karibu na Vieux-Port, bandari ya zamani, unaifikia kwa miguu. Prophète kwa mchanga wake. Malmousque kwa yale mawe ambayo vijana huruka kutoka juu yake. Prado, Pointe Rouge, Sugiton. Na En-Vau, ile ghuba nyembamba iliyobanwa na majabali meupe, ambayo hata kama hujafika Ufaransa umeshaiona kwenye kalenda ya mtu.

Kila ufukwe niliupa siku yake. Jumamosi huu, Jumapili ule.

Jioni niliyofika nilimwonyesha Shangazi orodha yangu kwa fahari. Shangazi ni binamu yake baba, Mngazija wa Unguja aliyeondoka msichana, na Marseille sasa ana zaidi ya miaka arobaini. Aliisoma yote, simu kaisogeza mbali na macho, midomo inatembea. Kisha akauliza swali moja tu.

"Umekuja kwa siku ngapi?"

"Tisa, Shangazi."

"Haya."

Nikadhani anapiga hesabu ya mchele.

Cheko la Paje

Hapa lazima niungame kitu.

Kwa miaka mingi nimewacheka wageni wa Paje na Jambiani. Mgeni kalipa pesa zake kwa sababu ya picha: maji ya feruzi mpaka kwenye mnazi. Anaamka saa nne asubuhi siku ya bamvua, anafungua pazia, bahari hakuna. Imekwenda zake huko mwambani. Mbele yake ni mchanga, madimbwi, vijiti vya mwani vimejipanga, na wanawake wameinama kazini. Mmoja aliwahi kuniuliza, uso umemparama, kama hiyo ni tsunami inavuta pumzi. Nilimwambia aende akanywe chai, maji yatarudi, na nyumbani nikaisimulia hadithi hiyo mpaka watu wakalia kwa kucheka.

Maana sisi mambo hayo hatukufundishwa darasani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bamvua. Katikati yake maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Siku za bamvua maji yanakupwa saa nne na kujaa saa kumi, mchana na usiku, na kila siku yanasogea mbele karibu saa nzima. Mama yangu alikuwa akipanga hata siku ya kufua kwa kufuata maji, kwa sababu siku ya bamvua la asubuhi nusu ya wanawake wa mtaa wako pwani na hakuna wa kupiga naye soga kisimani.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda Marseille na orodha ya picha saba.

Lakini nijitetee kidogo, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipojificha. Mimi niliuliza. Jioni ile ile nilimuuliza mtoto wa mwisho wa Shangazi, kijana wa miaka ishirini na kitu: maji hapa yanajaa saa ngapi?

Akanitazama. Akamtazama mama yake.

"Hayajai, dada. Yako hapo hapo."

Na kweli. Kwetu bamvua kubwa linapanda na kushuka karibu mita 4, jahazi linakaa kitako mchangani kisha linaelea tena. Marseille tofauti ya maji kupwa na maji kujaa ni shibiri moja au mbili, na mara nyingi mawimbi yenyewe yanaificha. Mlango wa Gibraltar ni mwembamba mno kuruhusu Atlantiki ije na kuondoka mara mbili kwa siku.

Nikalala na raha. Bahari isiyokupwa, nikasema moyoni, haina saa. Nenda utakapo, wakati wowote, utaikuta.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi baadaye. Kuuliza niliuliza, ila nililiuliza swali la kwetu. Nilipojibiwa kwamba halina maana, sikutafuta swali la kwao ni lipi.

Nyumba ya sifuri

Basi namba 83 linatoka Vieux-Port, linafuata Corniche, barabara ya juu ya bahari, mpaka Prado. Ukikaa upande wa kulia unaona kila kitu: visiwa vya Frioul, ngome ya If, watu wamelala juu ya mawe kama samaki waliotandazwa. Njiani, chini ya barabara, kuna kijumba cha mawe kimekaa ukingoni mwa maji. Mtoto wa Shangazi alinionyesha kwa kidole. Abiria wengine wala hawakugeuka.

Ni kijumba cha kupimia bahari. Kati ya 1885 na 1897 Wafaransa waliandika pale kimo cha maji bila kukoma, mchana na usiku, kwa boya na kalamu inayojichorea yenyewe. Wastani wake wakauita sifuri. Toka hapo kila kimo cha Ufaransa bara kimehesabiwa kutoka kijumba kile: Mont Blanc, mapito ya milimani, ngazi za manispaa kijijini, vyote.

Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Hebu jaribu kuweka sifuri Jambiani. Sifuri ya saa nne au ya saa kumi?

Basi wametulia sana, nikawaza, wamefanya bahari rula.

Kisha huyo huyo kijana akanieleza habari ya pango la Cosquer, na raha yangu ikatikisika kidogo. Pango liko karibu na rasi ya Morgiou, kwenye majabali ya calanques, zile ghuba nyembamba za kusini mwa mji. Mlango wake uko mita 37 chini ya maji. Mzamiaji Henri Cosquer aliutoa hadharani mwaka 1991: unaogelea ndani ya mfereji mrefu wa giza, halafu unaibuka kwenye ukumbi wenye hewa, na kutani kuna farasi, mbuzi wa milimani, na ndege wa baharini wanaofanana na pengwini. Vimechorwa na watu walioingia kwa miguu, makumi ya maelfu ya miaka nyuma, wakati maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu na pwani ilikuwa kilomita kadhaa mbele. Siku hizi kuna nakala yake mjini, pembeni ya bandari, ilifunguliwa 2022. Tuliingia. Unazungushwa gizani ndani ya kigari.

Kumbe nayo imewahi kukupwa, ila saa yake ni ndefu kuliko yetu.

Siku tatu, sita au tisa

Huo upepo ambao sikuuuliza unaitwa mistral. Unashuka na bonde la mto Rhône kutoka kaskazini, unafika pwani umeshapandwa na hasira. Wenyeji wanasema ukianza huvuma siku tatu, sita, au tisa.

Sasa rudi kwenye swali la Shangazi. Umekuja kwa siku ngapi?

Ulikuwa umeanza siku moja kabla sijafika. Niliusikia, naam, ulinipokonya kanga pale Catalans, lakini mimi ni mtu wa Unguja, upepo wa baharini mwezi wa Julai kwangu ni kusi, na kusi ni neema. Unapoza, unafukuza mbu. Mistral nao una sura hiyo ya neema: unafagia mawingu yote, anga linakuwa la buluu kali, na ukipiga picha siku hiyo itakuwa picha nzuri kuliko zote za mwaka.

Nadhani picha zangu zote saba zilipigwa siku ya mistral.

Alivyonieleza kijana ni hivi, na baadaye niliona mwenyewe. Jua linapasha maji ya juu tu. Chini yake, mita chache, kuna maji ya baridi. Upepo wa nchi kavu ukivuma kwa nguvu unasukuma yale maji ya juu kwenda bahari kuu, kama mtu anayeengua utandu wa maziwa, na ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Juzi uliogelea kwenye nyuzi 24, leo ni 16. Ufukwe ule ule na jua lile lile.

Kwa hiyo bahari yao inakuja na kuondoka kama yetu. Tofauti ni kwamba yetu inakwenda mlalo, unaiona ikiondoka. Yao inabadilishana juu na chini, na kwa macho hujui mpaka utie mguu.

Nilipolielewa hili nilikaa kimya kidogo. Wakati ule nilikuwa bado nimejifunga kanga mbili.

Jumatatu ya Sugiton

Sugiton niliipania. Ni moja ya calanques, zile ghuba ndogo zilizopasua majabali ya chokaa, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoundwa 2012. Kabla ya 2022 siku ya kiangazi ingeweza kupokea watu mpaka 2,500, kwenye kijipwani unachoweza kukivuka kwa hatua chache. Watu wakakanyaga udongo mpaka mizizi ya misonobari ikabaki nje kama mbavu. Toka 2022, msimu wa watu wengi, lazima uweke nafasi. Ni bure, unapewa msimbo kwenye simu, na wanaoruhusiwa ni 400 kwa siku.

Niliweka nafasi. Nilipata! Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kura.

Jumapili jioni Shangazi aliangalia simu yake kabla ya kulala, akasema bila kunitazama: "Kesho msitu umefungwa."

Maana kila jioni ya kiangazi mamlaka ya mkoa inatangaza misitu ipi itafunguliwa kesho yake, kwa kupima ukavu na upepo. Upepo ukiwa mkali, hatari ya moto inapanda, na njia zinafungwa hata kama una msimbo mfukoni. Nilitaka kulalamika. Nilifungua na kinywa. Lakini Shangazi anakaa upande wa kaskazini wa mji, si mbali na mtaa wa L'Estaque, na Julai 8, 2025 moto ulioanzia Pennes-Mirabeau ulisukumwa na mistral mpaka kwenye nyumba za L'Estaque. Uwanja wa ndege ulifungwa. Aliniambia alijaza ndoo zote za nyumbani maji, akaweka pasipoti na dhahabu kwenye mkoba, akakaa kwenye kochi na viatu miguuni.

Nikafunga kinywa.

Vyombo vya kwenda Frioul navyo, kijana akaongeza, bahari ikichafuka vinapunguza safari au vinasimama. Ilipofika Jumanne usiku nilikuwa nimeona fukwe nne kati ya saba, zote nikiwa nimevaa sweta.

Ghorofa ya tisa

Kuna kitu kingine kilichonisumbua, na hiki sijakimaliza mpaka leo.

Shangazi hajawahi kufika Sugiton. Miaka arobaini na zaidi. En-Vau hajawahi. Malmousque anaijua kwa dirisha la basi. Anakwenda Prado, na mara mojamoja Corbière, zile fukwe ndogo za mwisho kabisa kaskazini, nyuma ya L'Estaque, chini ya daraja la reli. Basi.

Nilipolijua hilo nilianza kuandika makala nyingine kabisa kichwani, na ilikuwa makala kali. Kutoka kwenye varanda yake ya ghorofa ya tisa bahari inaonekana yote, imetandazwa kama shuka. Lakini kati yake na bahari kuna bandari. Kuanzia Joliette kwenda juu mpaka L'Estaque ni kilomita kwa kilomita za uzio, makontena, meli za abiria za ghorofa nyingi zinazokwenda Corsica na Algeria. Mitaa ya kaskazini, wanakoishi Wangazija wengi na Waarabu wa Maghreb na mafukara wa kila aina, inaitazama bahari na haiigusi. Fukwe nzuri ziko kusini, upande wa nyumba za bei. Kutoka kwa Shangazi hadi Prado ni basi, metro, basi tena: saa nzima na zaidi siku ya kiangazi, umebeba sufuria.

Haya yote ni kweli. Sijafuta hata moja.

Ila nilimwendea nayo kama wakili aliyeshapata kesi. "Shangazi, huoni kama wamekunyima?"

Alikuwa anachambua mchele. Alinyamaza kitambo.

"Na wewe kwenu unaogelea wapi?"

"Jambiani."

"Mara ya mwisho lini?"

Nikaanza kuhesabu. Iddi? Hapana, Iddi tulikaa barazani. Mwaka juzi wageni walipokuja... nilisimama maji ya magoti nikawapiga picha.

"Mama yako anajua kuogelea?"

"Hajui."

"Kaingia baharini mara ngapi maisha yake?"

Mama yangu kaingia baharini kila bamvua kwa miaka thelathini, kwenye mwani, maji mpaka kifuani. Hajawahi kuogelea. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, mimi nikiwa wa kwanza kutomuuliza.

"Mimi nafuata watu," Shangazi akasema, akapuliza makapi. "Prado wako wenzangu. Sugiton niende nikakae na nani? Na jabali?"

Sijui kama alinijibu au alinikwepa. Nimelizungusha jibu lile wiki sita. Kuna wakati naona alinisahihisha: mimi ndiye niliyedhani ufukwe bora ni ule wenye nyota nyingi. Kuna wakati naona mtu akinyimwa kitu muda mrefu hujifunza kutokitaka, na atakuapia kwamba hakukitaka toka mwanzo. Huenda yote mawili yamo ndani ya mwanamke mmoja anayechambua mchele.

Nguo

Na nguo je? Wasomaji wangu wa kike mlishaniuliza kwenye simu kabla sijaandika neno.

Mnakumbuka kiangazi cha 2016, mameya kadhaa wa pwani ya kusini ya Ufaransa walipopiga marufuku nguo za stara ufukweni, na Agosti 26 mahakama ya juu ya utawala ikasimamisha amri ya mji wa Villeneuve-Loubet. Nilikwenda na kumbukumbu hiyo tumboni. Nguo yangu ya kuogelea ni ya mikono mirefu na kofia yake. Catalans niliivaa na macho mawili matatu yalinitua, yakaondoka. Nadhani ule ukelele ulinichongea zaidi kuliko nguo. Prado hakuna aliyegeuka.

Na mimi nilikuwa nimechagua fukwe kwa rangi ya maji, nikasahau kwamba mwanamke anachagua ufukwe pia kwa macho ya watu. Shangazi hakusahau. Wala hakulisema. Alinipeleka tu Prado.

Ijumaa, saa moja asubuhi

Mistral ulikata Jumanne usiku. Siku sita kamili. Babu wa mtu alihesabu vizuri. Niliamka kwa sababu ya kimya.

Jumatano nikataka kukimbilia majini. Shangazi akasema ngoja. Alhamisi, ngoja. Ijumaa alfajiri akanigonga mguu: "Twende."

Tulikuwa wanawake saba, sufuria mbili, mikeka, chupa tatu za chai. Mwisho wa barabara ya Prado, mbele ya bahari, imesimama nakala ya sanamu ya Daudi wa Michelangelo, uchi kama alivyozaliwa, na basi linashusha watu miguuni pake. Bibi mmoja kati yetu humpita kila mara akimwambia "vaa, mwanangu" kwa Kingazija. Wengine hawacheki tena. Ni kama salamu.

Ufukwe wenyewe ni wa kutengenezwa. Miaka ya 1970, walipochimba metro, udongo na mawe waliyotoa chini ya mji waliyaleta hapa wakajaza bahari, wakapanda majani, wakamwaga changarawe. Kwa picha ni ufukwe wa kawaida kabisa. Kwenye orodha yangu ulikuwa wa mwisho, na niliuweka kwa adabu tu.

Shangazi alishuka mpaka ukingoni na dera lake, akapinda mgongo, akatia maji kiganjani. Akayaacha yachuruzike. Akatia tena, mpaka kwenye kiwiko safari hii, akatulia kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Akatazama bendera kwenye mlingoti wa waokoaji: haijapandishwa bado, saa zao hazijafika. Akatazama kule unapotokea mto Huveaune. Mto huo kwa kawaida wanaukatiza na kuupeleka mtambo wa maji machafu, lakini mvua kubwa ikinyesha unazidi nguvu na kumwagika hapo hapo Prado. Ndipo inapandishwa bendera ya zambarau na hakuna kuingia. Mvua haikunyesha. Akatazama moshi wa meli moja mbali bandarini, unapanda wima.

"Leo," akasema.

Akaingia. Na dera lake, na mtandio wake, taratibu, changarawe inalia chini ya ndara. Dera likajaa hewa, likamzunguka kama ua, akalipiga makofi likashuka. Maji yalipomfika kifuani akageuka kututazama, na kwa mara ya kwanza toka nifike nikaona anafanana na baba.

Halafu akalala chali. Akaelea.

Sikujua kama anajua. Hakuwahi kusema. Mikono kaiweka wazi, macho kafumba, masikio ndani ya maji, na yale maji yasiyokwenda popote yamembeba.

Nilimfuata. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kwetu saa kumi jioni.

Ujumbe wa sauti

En-Vau sikufika. Sugiton sikufika. Orodha bado iko kwenye simu, na sijajua kama niifute.

Toka nirudi, Shangazi ananitumia ujumbe wa sauti kila anapokwenda Prado, na nyuma yake nasikia basi, wanawake, mtu anamwambia Daudi avae. Maneno mengi hana. "Leo shwari." "Leo upepo wa mashariki, mawimbi, tumekaa majanini." Nami namjibu ya kwetu. Maji mafu. Bamvua, mama yuko mwanini.

Juzi nilimtumia: mama kaniuliza Shangazi alijifunzia wapi kuelea.

Jibu lilikuja jana usiku. Kwanza kelele ya dirisha linapigwa.

"Mistral, siku ya tatu leo," anasema. "Hatutoki. Nimepika mkate wa sinia. Mwambie mama yako mimi nilijifunza Mizingani, usiku, kwa kuibia. Mwambie anakijua kisa hicho. Yeye ndiye aliyekuwa akishika nguo."